Doli la kitambaa lenye sura ya kizamani: kulishona na kuliuza ukiwa Mombasa

Mtu akiona madoli yangu mara ya kwanza huuliza "hili umeliokota wapi?" na mimi hucheka, maana hiyo ndio kazi yenyewe. Doli la aina hii linatakiwa lionekane kama limetolewa kwenye kasha la nyanya leo asubuhi, kitambaa kimepauka, nywele timtim, nguo imechoka. Marekani yana wapenzi wake kabisa, kina mama wa mashamba walikua wakiwashonea watoto kwa vitambaa vilivyobaki, na kuna mmoja wa Rhode Island, Izannah Walker, mwaka 1873 alipata hati ya uvumbuzi kwa doli lake la kitambaa la kupaka rangi, leo hayo yake yanawekwa makumbusho. Sisi nasi tuna mtoto wa bandia, nani hapa alikua akicheza kupikapika na hakufunga kitambaa akakibeba mgongoni?

Sasa sikiza vizuri. Sura ya kizamani ni ya nje tu, mshono lazima uwe mzima. Wengi wanaanza wakidhani ati kwa vile linatakiwa lionekane kuukuu basi hata likifumuka sawa, halafu mteja anarudi na kichwa mkononi.

Kitambaa ni marekani, ingia Biashara Street uulize, kile cha pamba chenye rangi ya krimu ambacho hakijasafishwa kwa dawa. Jina lake lina kisa, karne ya 19 majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts yalikua yakileta kitambaa hicho Unguja na ndio watu wakakiita hivo, kwa hiyo doli la Kimarekani na doli la Mombasa zimetoka kwenye gora moja ukifikiria. Hakikisha ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, pamba inatoa harufu ya karatasi na kubaki jivu, ukiona imeyeyuka ikawa kishanga kigumu weka chini uende duka jengine, hiyo haitashika rangi. Ukifika nyumbani kifue kwanza kwa maji moto kitoke wanga na kijikunje kabla hujakata.

Patani chora kwenye boksi la kartoni. Kichwa na kiwiliwili ni pande moja kama umbo la chupa, kama sentimita 30 hivi, mikono na miguu mbali. Kunja kitambaa mara mbili, chora, halafu USIKATE, shona kwanza juu ya mstari kwa mshono mfupi mfupi ndio ukate ukiacha nusu sentimita nje. Hii peke yake itakuokolea machozi mengi. Pale shingoni piga makasi vidogo vidogo ukielekea mshononi bila kuufikia, usipofanya hivo ukipindua shingo itakunjana. Acha nafasi ya vidole viwili mgongoni ya kujazia.

Kujaza mimi natumia sufi, hii hii ya mito, jifunge kitambaa puani maana inapaa. Ianike jua kali siku mbili kwanza. Kijiti cha mshikaki ndio chombo bora cha kushindilia, anza na ncha za miguu na mikono, shingo shindilia mpaka iwe ngumu kama kizibo, kama shingo ni legevu kichwa kitainama tu kama mtu aliyefiwa. Kuna wanaoweka uzito chini ili doli likae vizuri kwenye rafu. Mimi nliwahi kutia mchanga wa pwani, nikajiona mjanja, kumbe ule una chumvi na chumvi inavuta unyevu, baada ya wiki mbili madoli sita yote yana madoa makalioni. Tumia kokoto ndogo zilizooshwa kwa maji matamu zikakauka.

Sasa kupaka uzee, na hapa ndio maelezo ya wazungu yanatuangusha. Wao wanachemsha kahawa, wanatia vanila na mdalasini, wanapaka, wanaweka kwenye oveni, basi. Kwao hewa kavu. Hapa kwetu ukifanya hivo mwezi wa Mei na mvua za masika, doli linaota kuvu kabla hujalipiga picha, na ile vanila ya dukani mara nyingi ina sukari, sisimizi watakuja na jamaa zao wote. Mimi nafanya hivi: vijiko vinne vya kahawa ya unga isiyo sukari wala maziwa, nusu lita ya maji yanayochemka, kijiko cha mdalasini, siki vijiko viwili, nachuja kwa kitambaa. Napaka kwa brashi, sizamishi, kwa sababu ukilizamisha sufi ya ndani inanyonya maji na haikauki. Pengine mengi pengine kidogo, kwenye mishono zidisha maana uchafu wa kweli hujificha hapo. Halafu jua, siyo kivuli, geuza kila saa, na usiku liingie ndani. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, siku moja yatosha. Masika mimi sipaki kabisa, nashona tu miili naiweka.

Na wakati wa kukausha toa pini zote! Nliwahi kuanika madoli ya rangi ya udongo yenye pini kifuani kwenye kamba ya roshani, jirani akadhani ni uchawi, hakunisalimia mwezi mzima.

Uso ni hiari yako. Waamish wa Marekani, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, madoli yao ya jadi hayana uso, na hapa Mombasa kuna wateja wengi ambao hawataki sanamu yenye macho na mdomo ndani ya nyumba, kwa hiyo mimi nashona ya aina mbili. Ukitaka macho, darizi kwa uzi. Vifungo vinapendeza lakini mtoto mdogo atakingoa akimeze, kama umetia vifungo andika kabisa ni pambo.

Nywele ni katani iliyochambuliwa. Nguo ni leso (kanga) kuukuu, na hapa usikate ovyo, leso ina pindo, mji na jina, ukilikata lile jina lizunguke chini ya sketi, mgeni atakuuliza maana yake na ukishaanza kumuelezea ushauza. Omba ruhusa kwanza lakini. Leso ya mama si kitambaa chakavu hata kama ina tundu.

Kitu kimoja sitengenezi ni doli la umbo la kigango. Vile ni nguzo za mbao za kumbukumbu za wazee wa Kimijikenda, vimeibiwa vingi vikauzwa ng'ambo, tusiongeze.

Bei. Hesabu kitambaa, sufi, uzi, na SAA zako. Tuseme vifaa shilingi 250 na umekaa saa nne, ukiuza 500 umejilipa kama shilingi sitini kwa saa, hata nauli haitoshi. Maduka ya Mji wa Kale na karibu na Fort Jesus wengine watakwambia ulete mali kauli, yaani ulipwe yakishauzwa, ukubali madoli matatu manne tu, andikeni kwenye daftari na wote mtie sahihi, mimi kuna duka liliniambia "hayajauzwa" na rafu ilikua tupu. Wateja wa WhatsApp wanalipa M-Pesa kabla sijatuma, sina mjadala hapo. Picha piga asubuhi karibu na dirisha, weka kikombe cha kahawa kando yake ili ukubwa uonekane.

Mgeni anayerudi Australia mwambie wazi ndani mna sufi, kule wakaguzi ni wakali kwa vitu vya mimea, wa namna hiyo nawajazia pamba bandia ya polyester. Na usimwambie mtu yeyote doli ni la kale. Mimi naandika mwaka chini ya mguu kwa kalamu isiyofutika, na bado wananunua.