Jinsi ya kuisaka nguzo ya mwamba moto chini ya volkeno

Hawaii iko mbali na ukingo wowote wa bamba (kipande kikubwa cha tabaka la nje la dunia), lakini baadhi ya volkeno zake bado zinalipuka. Mwaka 1971 W. Jason Morgan alipendekeza kwamba chini yake kuna nguzo ya mwamba moto inayopanda kutoka kina cha koti la dunia, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda. (Mwamba huo ni mgumu, si uji wa lava, unapanda taratibu mno.) Kuuchimba haiwezekani, ila mawimbi ya matetemeko ya mbali huupitia.

Hatua ya 1: Kusanya matetemeko. Chagua ya ukubwa wa 5.5 na zaidi, yaliyo umbali wa nyuzi 30 hadi 90 (kwenye mviringo wa dunia) kutoka vituo vyako vya kupimia mitetemo. Yatoke pande tofauti. Mia moja ya upande mmoja hayasaidii sana.

Hatua ya 2: Jua unachowinda. Wimbi la S (wimbi la tetemeko linalotikisa mwamba kwa upande) likipanda kilomita 200 kwa kasi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, hutumia sekunde 44.44. Joto likipunguza kasi kwa asilimia 2, hutumia 45.35. Windo lako lote ni hiyo sekunde moja isiyotimia.

Hatua ya 3: Kagua saa. Kifaa kilicho sakafuni mwa bahari hakipati GPS, na saa yake huteleza kidogo kila siku. Ilinganishe kabla ya kuizamisha na baada ya kuiopoa, kisha sambaza tofauti kwenye siku za katikati. Niliwahi kuiruka hatua hii nikapata nguzo nzuri ajabu chini ya kituo kimoja. Ilikuwa saa mbovu.

Hatua ya 4: Pima ucheleweshaji. Kwenye muda uliopima, toa muda unaotabiriwa na AK135 (modeli ya kasi za wastani za mawimbi ndani ya dunia), ondoa athari ya ganda la dunia, kisha toa wastani wa kila tetemeko.

Hatua ya 5: Chora picha, halafu uishuku. Miale (njia za mawimbi) hufika karibu wima, hivyo doa la moto lililo juu huvutwa kwenda chini na kufanana na nguzo. Buni nguzo inayoishia kilomita 300, ipitishie miale ile ile, uone inarudije. Ikirudi na urefu wa kilomita 600, usitangaze kina chochote.

Hatua ya 6: Tafuta shahidi mwingine. Kwenye kina cha kilomita 410 na 660 madini hubadili muundo, na sehemu ya wimbi la P (lile la haraka, linalosukuma na kuvuta mwamba) hugeuka kuwa S hapo. Penye joto, mpaka wa 410 kwa kawaida hushuka na wa 660 hupanda. Ukikuta tabaka la kati limekonda pale pale ilipo nguzo yako, andika ripoti.