SOMO: Kupanga nyimbo za Misa ya Jumapili (soma kwanza, ndipo uulize)

Tumsifu Yesu Kristo. Swali ni lilelile kila wiki: "Mwalimu, Jumapili tuimbe nini?" Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo jibu ni hili.

1. Fungua kalenda ya liturujia: Jumapili ipi, mwaka A, B au C (masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu).

2. Soma masomo yote, na Injili mara mbili.

3. Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu, Mwanakondoo: chagua zile waamini wanazozijua. Mtakatifu ni wa watu wote pamoja na padre, si wa kwaya kuonyesha sauti nne.

4. Wimbo wa katikati. Hapa kwaya nyingi huanguka. Wanaona pengo baada ya somo la kwanza, wanatia wimbo wowote wa taratibu. Pale ni mahali pa zaburi! Imechaguliwa kuitikia somo hilo, na mwongozo wa Misale ya Kiroma (kitabu cha sala za Misa) unakataza kuweka wimbo mwingine badala yake. ANGALIZO: kutaja "Bwana ni mchungaji" hakuugeuzi wimbo wenu kuwa zaburi ya siku. ANGALIZO la pili: kiitikio kiwe kifupi, watu wakidake wakikisikia mara moja tu. Beti aziimbe mtu mmoja, maneno yasikike. Kama hakuna wa kuimba, zaburi isomwe vizuri. Inaruhusiwa, na ni bora mara mia kuliko kuitupa.

5. Wimbo wa mwanzo: padre akishafika kitini, malizeni beti mliyomo. Wa komunyo huanza padre anapokomunika.

6. Kutoka: wowote wenye uchangamfu.

MASWALI

— Mwalimu, nitajie tu nyimbo tano za Jumapili ijayo, nina haraka.
Hatua ya 1.

— Utukufu wetu mpya ni mtamu sana. Jumapili ya Matawi tuuimbe?
Hapana. Bado ni Kwaresima.

— Sisi kwetu tumezoea kuimba.
Mazoea si rubrika (kanuni ya ibada), ndugu.

— Shikamoo mwalimu. Mbona Kwaresima kinanda hakipigwi peke yake, ila Jumapili ya nne kikaruhusiwa?
Marahaba, swali zuri. Kwaresima vyombo hutumika kusaidia uimbaji tu. Isipokuwa Jumapili ya nne, iitwayo Laetare, pamoja na sherehe na sikukuu. Ndiyo maana tarehe 19 Machi, Mtakatifu Yosefu, utasikia hata Utukufu. Aleluya hairudi hata siku hiyo. Inasubiri Mkesha wa Pasaka. Alhamisi Kuu jioni sikiliza kengele wakati wa Utukufu: zikishanyamaza, hazilii tena hadi Utukufu wa Mkesha.

— Nyongeza kutoka kwa mpiga kinanda: kila zaburi mnayoimba itunzeni kwenye faili, mwaka A, B na C mbalimbali. Mzunguko ukiisha hamtahangaika tena.
Naunga mkono. Anzeni Majilio, mwaka wa liturujia unapofunguka.

— Na sauti ya tatu (tena) wanaoshuka toni kila wimbo?
Waimbe mazoezini bila kinanda, utajua nani anawavuta.