Somo: kuziba ovaflo kwenye kodi ya ext4 ya U-Boot

Wakuu habari za jioni. Watu kadhaa wameniuliza kuhusu zile CVE (matundu ya usalama yaliyopewa namba) za U-Boot zilizozibwa toleo la 2025.01, nimeona bora tuchukue moja tu tuimalize, CVE-2024-57256, ukiielewa hii ya mfumo wa faili wa ext4, zile za squashfs (mfumo mwingine wa faili) utazisoma mwenyewe.

Kwanza kwa nini tuhangaike na butloda, yaani programu kama U-Boot inayowasha keneli (kiini cha Linux). U-Boot inaweza kukagua saini ya keneli kabla ya kuiwasha, sawa, ila ili iipate hiyo keneli lazima isome mfumo wa faili kwanza, na mfumo wa faili wenyewe mara nyingi haujasainiwa, kwa hiyo mtu akishika kadi yako ya SD dakika tano anaandika humo anachotaka. Kila namba inayotoka kwenye diski, iwe saizi au urefu wa jina, ichukulie kaiandika mwizi. Na huku chini usitegemee segfault (mfumo kuisimamisha programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake) ya kukushtua, ukiandika nje ya bafa (kipande cha kumbukumbu ulichotengewa) unafuta vitu vya jirani kimyakimya na safari inaendelea.

Hatua ya 1. Chukua kodi ya v2024.10, fungua fs/ext4/ext4_common.c, nenda ext4fs_read_symlink, fankisheni inayosoma kiungo (faili linaloelekeza kwa faili jingine), utakuta:

symlink = zalloc(le32_to_cpu(diro->inode.size) + 1);

Zalloc inakugawia kipande cha kumbukumbu kilichojazwa sifuri. Hiyo +1 ni nafasi ya baiti ya sifuri ya kufungia maneno. Sasa size ni biti 32, mwizi akiweka 0xffffffff ukijumlisha moja unarudi 0, kama mita ya gari iliyofika mwisho, hiyo ndo ovaflo. Zalloc ya sifuri haikatai, inakupa kipande kidogo kabisa cha hipu (kumbukumbu ya kugawa), afu mistari michache chini ext4fs_read_file inaambiwa ijaze humo humo baiti 4294967295. Na usidhani bodi ya biti 64 imepona, kujumlisha kunafanyika ndani ya biti 32 kabla zalloc haijaona chochote.

Hatua ya 2. Tengeneza diski mbovu, huhitaji root:

mkdir d
ln -s $(printf 'a%.0s' $(seq 100)) d/kiungo
mkfs.ext4 -O ^metadata_csum -d d diski.img 8M
debugfs -w -R "set_inode_field /kiungo size 0xffffffff" diski.img

Herufi 100 nimeziweka makusudi. Kiungo chini ya baiti 60 kinakaa ndani ya inodi yenyewe (rekodi ya faili kwenye diski), hakina bloku, na sisi tunataka chenye bloku.

Hatua ya 3. Make sandbox_defconfig (U-Boot inayokimbia kwenye kompyuta yako kama programu ya kawaida), washa CONFIG_VALGRIND, kompaili, endesha u-boot chini ya Valgrind (programu ya kunasa makosa ya kumbukumbu). Hiyo konfigi usiiruke, U-Boot ina malloc yake na bila hiyo Valgrind haijui kipande kipi kimegawiwa. Ndani andika:

host bind 0 diski.img
load host 0 1000000 /kiungo

Ikianguka au Valgrind ikipiga kelele, bagi umelishika. Usiguse kodi kabla hujaliona kwa macho yako.

Hatua ya 4. Pachi:

size_t alloc_size;
if (__builtin_add_overflow(le32_to_cpu(diro->inode.size), 1, &alloc_size))
    return NULL;
symlink = zalloc(alloc_size);
if (!symlink)
    return NULL;

Kompaila inajumlisha kama vile namba hazina mwisho, ndo inaangalia kama jibu linaenea kwenye alloc_size. Mi zamani kwenye kazi nyingine niliandika n + 1 < n kwa int ya kawaida, kompaila kwenye -O2 ikaufuta ukaguzi wote maana kwa lugha ya C ovaflo ya int haitakiwi kutokea, ilinichukua siku mbili kugundua. Tangu siku hiyo situmii kingine zaidi ya hizi builtin.

Hatua ya 5. Rudia jaribio, afu jaribu na kiungo kizima, na saizi za ukingoni 59, 60 na 0xfffffffe. Hiyo ya mwisho haifanyi ovaflo, inakwama kwenye ule mstari wa !symlink.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwenye biti 64 size_t ni kubwa, si hiyo if haitakuwa kweli hata siku moja?
Jibu: Umeona vizuri sana. Haitakuwa kweli, alloc_size itakuwa 4294967296 kamili, zalloc itaomba GB 4 kwenye hipu ya MB chache na kurudisha NULL. Kwa hiyo biti 32 inaokolewa na if ya kwanza, biti 64 na ya pili, usifute hata moja.

Swali: Mi natumia GRUB, inanihusu?
Jibu: Sana. Nayo ni butloda. Februari 2025 GRUB nao walitoa pachi za mifumo ya faili ya UFS, JFS, HFS, ReiserFS, ROMFS, squash4 na UDF. Ya HFS ilikuwa strcpy ya jina la volyumu bila kupima urefu! Wao wana grub_add na grub_mul kwa kazi hii.

Swali: Kaka, na kiungo kinachojielekeza chenyewe?
Jibu: Ext4 inahesabu, ikifika 8 inakataa. Squashfs haikuwa na hesabu hiyo, fankisheni ikawa inajiita mpaka steki inaisha, ndo CVE-2024-57257.

Swali: Bodi yangu ina U-Boot ya 2017 na aliyeiuza haleti apdeti.
Jibu: Pachi ya ext4 ni mistari michache, ihamishe kwa mkono. Ya squashfs usihangaike, mwaka 2017 U-Boot ilikuwa bado haisomi squashfs. Na kama keneli yako iko kwenye FAT, zima CONFIG_FS_EXT4 kabisa, ila kwanza hakikisha skripti ya kubuti haina ext4load, isije ikagoma kuwaka.