Ukikutana na habari ya "jua la bandia limepatikana", isome hivi

Hizi habari zinazunguka sana kwenye magrupu, kwamba wanasayansi wamewasha jua la bandia na umeme wa bure uko njiani. Usizipuuze jamani, sayansi yake ni ya kweli kabisa, viini vya haidrojeni vikiungana vinatoa nishati na ndo jua linavyowaka kila siku. Kazi ipo kwenye kuifanya hiyo fyusheni, yaani huko kuungana kwa viini, itoe umeme hapa duniani, na hapo ndo inabidi usome kwa makini.

Anza kwa kuangalia nishati iliyoingia wameipimia wapi. Hapa ndo wengi wanapotea. Chukua lile jaribio la tarehe 5 Desemba 2022 kule Livermore, California, leza 192 zikalenga kidonge kidogo cha mafuta ya haidrojeni, zikaingia megajuli 2.05 zikatoka 3.15, dunia nzima ikashangilia na walistahili kabisa maana haijawahi kutokea kabla. Ila hiyo 2.05 ni ile iliyofika kwenye shabaha tu, leza zenyewe zilivuta kama megajuli 300 kwenye gridi. Sasa piga hesabu, uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, yaani zimeliwa uniti kama 83 afu kilichopatikana hakifiki hata uniti moja, tena hilo ni joto bado, halijachemsha maji wala kuzungusha mashine ya kufua umeme. Kwa hiyo ukisoma "imetoa kuliko ilivyoingiza", uliza imeingiza wapi, kwenye shabaha au kwenye mtambo mzima?

Afu usichanganye rekodi ya muda na rekodi ya nishati. Mtambo wa WEST wa Ufaransa Februari 2025 ulishikilia plazima, ile gesi ya moto mkali ambamo viini huungana, kwa zaidi ya dakika 22, kazi kubwa mno, lakini haukuwa unazalisha nishati ya fyusheni ya maana. Mtambo wa JET wa Uingereza ulitoa megajuli 69 mwaka 2023, ila kwa sekunde chache tu.

Cheki pia kama wamegusia tritiamu, aina nzito ya haidrojeni. Hii ndo nusu ya mafuta yenyewe, kwenye mazingira ni kama haipo na kila miaka 12 hivi inapungua nusu, kwa hiyo mtambo utabidi ujitengenezee wenyewe kutoka kwenye madini ya lithiamu, na mpaka leo hakuna mtambo wa fyusheni uliojitosheleza hivyo. Mimi habari isiyogusa hili naihesabu nusu habari.

Mwisho tazama miaka wanayotaja. ITER, ule mradi mkubwa wa mataifa mengi kule Ufaransa, ulikuwa uanze 2025, mwaka 2024 wakasogeza utafiti hadi 2034 na mafuta kamili yenye tritiamu 2039, na hata huo haukujengwa kuuza umeme. Mtu akikuambia umeme wa fyusheni utafika sokoni miaka miwili ijayo, muombe kwanza namba ya umeme uliovutwa kwenye gridi.