Sentensi za Kiingereza kwa kadi za boksi: ninavyofundisha darasa la tatu

Walimu wenzangu na wazazi, watoto wetu Kiingereza wanakipata kwenye kipindi tu, ukimwambia aandike sentensi anaganda. Mpe maneno ayashike mkononi kwanza, daftari baadae.

Tafuta maboksi matupu dukani, kata vipande vya ukubwa wa daftari dogo, kila kimoja andika neno moja kwa maka peni, herufi kubwa kubwa mtoto wa nyuma asome. Mbele andika "girl", nyuma yake "Girl", fanya hivyo kwa kadi zote. Tengeneza na kadi ya nukta, hiyo usiiache kabisa.

Sasa sentensi ya watu. Gawa "the", "girl", "is", "eating", "a", "mango" na nukta kwa watoto saba wasimame mbele, waliobaki wawapange kwa sauti. Anayesimama wa kwanza anageuza kadi ionyeshe herufi kubwa, nukta anasimama mwisho na anapiga mguu chini.

Hapa kwenye "is" tulieni, maana ndo inawasumbua wengi. Mtoto amezoea "anakula", yote yamo humo humo, sa "is" anaona ya nini, anaandika "The girl eating". Mi nimeweka sheria moja, yoyote mwenye kadi inayoishia na "ing" haruhusiwi kusimama bila kushikwa mkono na "is", akisimama peke yake darasa zima linapiga kelele na yeye anamtafuta mwenzie. Alafu ongeza "small". Watampeleka nyuma ya "girl" kama Kiswahili kinavyosema "msichana mdogo", usiwakatishe, wakimaliza mwambie mwenye "small" ahame apite mbele ya "girl" wasome tena.

Wakishazoea, wagawe makundi ya watano watano, kila kundi na bahasha yake ya kadi, wapange chini sakafuni na wabadilishe neno moja moja. Mbuzi akila kitabu, "The goat is eating a book", waache wacheke, sentensi imekaa sawa.

Ndo waandike sasa. Moja wanakopi kutoka kwenye kadi, ya pili wanatunga wenyewe. Ukisahihisha angalia kitu kimoja tu, kama leo mlicheza "is" basi tiki "is", spelingi ya "mango" utaifanyia kazi kesho, ukimjazia daftari wino mwekundu kesho haandiki kitu.