Kujumlisha na Kutoa kwa Vizibo vya Soda

Kabla ya kumwandikia mtoto alama yoyote ubaoni, mpe vizibo 10 vya soda avihesabu kimoja kimoja huku akivigusa, kwa maana mtoto anayeimba namba bila kugusa kitu mara nyingi huwa bado hajaelewa idadi. Mwambie atenge vizibo 3, kisha 2, avisogeze pamoja na kuvihesabu vyote. Akizoea, mfundishe kuanzia namba kubwa: kwa 2 + 6, aweke 6 kichwani na kuendelea, “saba, nane.” Hatua hii haiharakishwi; mimi huipa wiki nzima. Katika kutoa, avifunike kwa kiganja vizibo vinavyoondolewa, kisha ahesabu vilivyobaki. Alama za + na − zije mwisho, zikiwakilisha kile ambacho mikono yake imekwisha kukitenda.