Ukienda Mida na watoto, tazama mwezi kwanza

Mara ya kwanza tulifika kutazama ndege Mida Creek, hori lenye mikoko huku Watamu, pwani ya Kenya, saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yamekupwa hadi mbali, tope limelala wazi, ndege ni nukta tu kule mwisho. Kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, bahari imeenda wapi?" Nikaona haya, maana mimi ni binti wa mvuvi.

Basi siku ichaguliwe kwa mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, hizo ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: pwani yetu maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Yanapojaa huwasukuma ndege ukingoni, wakakusanyika karibu nawe. Kwa hiyo fikeni saa saba au saa nane mchana. Asubuhi wapeleke magofu ya Gede, ni jirani tu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usitumie hesabu hii, mambo hugeuka.

Msimu wa ndege hao ni Oktoba hadi Aprili. Wengi ni wageni kutoka Ulaya na Siberia. Mimi nampenda yule mla kaa, mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene: hutagia kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni, kisha huja kwetu kutoka kaskazini kama majahazi ya zamani.

Kuna daraja la mbao na kamba linalopita kwenye mikoko hadi kibanda cha kuchungulia ndege. Kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vya hapo. Ulizia kwanza hali ya mbao. Linayumba, mama mkwe alikataa katakata, akabaki kivulini na kikapu cha mahamri. Wala hakupunjika, kwa sababu kaa walikuwa pale pale miguuni pake.

Hao kaa ndio wa watoto. Wakalishe, wasitikisike, wahesabu kimoyomoyo hadi mia. Kivuli kikipita tu, wote hutumbukia mashimoni. Watoto wakifika sitini hivi, macho mawili yaliyosimama kama vijiti huchungulia. Halafu dume hutoka na gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, jingine dogo la kulia tope, akaanza kulipunga lile kubwa kama makanga anayeita abiria. Mwanangu alihesabu mara tatu, na ndege akawasahau.

Beba maji, kofia, darubini hata ya kuazima, na viatu vya kufunga. Ndara hubaki topeni. Zetu mbili ziko huko hadi leo.

Na kabla ya kupanda matatu, kagua mifuko ya watoto. Sisi tulikuwa tumeshafika Kilifi ndipo kaa akaonekana akipanda buibui la abiria wa mbele.